Jinsi ya Kulinganisha Makro za Common Lisp, Clojure na Scheme

Anayetaka kulinganisha makro (vipande vya msimbo vinavyozalisha msimbo mwingine kabla ya programu kuendeshwa) za lugha za programu za ukoo wa Lisp asianze na orodha ya sifa zake. Achukue makro moja ndogo, aiandike katika kila lugha, kisha aitegee mtego. Mimi hutumia makro inayorudisha thamani ya kwanza ikiwa ni kweli, la sivyo ya pili. Ili thamani ya kwanza isikokotolewe mara mbili, hatuna budi kuihifadhi kwa jina fulani, na mtego umo katika jina hilo.

Anza na Common Lisp:

(defmacro au (a b)
  `(let ((muda ,a)) (if muda muda ,b)))

Sasa jaribu (let ((muda 5)) (au nil muda)). Jibu linalotarajiwa ni 5, lakini hurudi NIL (yaani “si kweli”), kwa kuwa muda ya mtumiaji imemezwa na muda ya makro, na hakuna kosa linalotangazwa. Dawa ni kuomba jina jipya kwa gensym, kitendakazi kinachounda jina lisilotumika kwingine, na ni juu ya mwandishi kuikumbuka kila mara.

Katika Clojure, iliyotolewa mwaka 2007, kiolezo cha namna hiyo hukwama papo hapo makro inapotumiwa: alama ya ` hugeuza muda kuwa user/muda, nayo let haipokei jina lenye kiambishi. Unalazimika kuandika muda#, na jina jipya linaundwa lenyewe. Napenda ukali huu, maana kosa linajulikana kabla ya programu kufanya kazi.

Scheme haihitaji hata hilo:

(define-syntax au
  (syntax-rules ()
    ((_ a b) (let ((muda a)) (if muda muda b)))))

Hapa (let ((muda 5)) (au #f muda)) hutoa 5 (#f ni “si kweli” ya Scheme). Hata ukithubutu kuandika (let ((if list)) (au #f 5)), jibu bado ni 5, kwa sababu if ya makro hubaki na maana iliyokuwa nayo pale makro ilipoandikwa.

Usitoe hukumu kabla ya kugeuza jaribio: andika makro inayomwekea mtumiaji kwa makusudi jina “hiyo”, ili alitumie ndani ya msimbo wake. Common Lisp hairuki kiunzi chochote, Clojure hudai ~'hiyo (jina lisiloongezwa kiambishi), ilhali syntax-rules peke yake haikufai. Utahitaji zana za syntax-case pamoja na datum->syntax, zilizomo katika R6RS, kiwango cha Scheme cha mwaka 2007, lakini hazimo katika kiwango cha R7RS ndogo cha 2013. Kwa jaribio hili, basi, tumia mfumo wa Scheme wenye zana hizo, kama Chez Scheme au Guile.