Somo: Bondi kovalenti inavyofungwa, na nishati inakokwenda

Kuna kosa moja nimelisahihisha mpaka wino umeisha: mwanafunzi anaandika kwamba bondi (kifungo cha atomu mbili; ikiwa kovalenti, zinashirikiana elektroni) ni ghala, ukiivunja nishati inamwagika. Ni kinyume chake. Kuvunja kunakula nishati, kufunga ndiko kunakotoa. Tuzifuate atomu mbili za hidrojeni tuone.

Hatua ya 1. Ziweke mbalimbali. Kila moja ina protoni moja na elektroni moja, na hakuna inayomjali mwenzake. Nishati ya hapa tuiite sifuri.

Hatua ya 2. Zisogeze. Kiini cha huyu kinaanza kuvuta elektroni ya yule, na cha yule vivyo hivyo. Mvuto unaushinda msukumano, nishati inashuka chini ya sifuri. Sharti ni kwamba spini za elektroni hizo mbili (tabia ya ndani ya elektroni, yenye pande mbili tu) zipingane. Zikifanana, elektroni hazikai pamoja katikati ya viini na bondi haifungwi.

Hatua ya 3. Simama viini vikiwa umbali wa pikomita 74 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Chora grafu, umbali ukiwa mlalo na nishati wima: mstari umeteremka hadi kwenye bonde. Kuzitoa atomu humo na kuzitenganisha tena kunahitaji kilojuli 436 hivi kwa moli (moli ni kipimo cha wingi wa chembe).

Hatua ya 4. Ukizidi kuzibana, viini vinasukumana na mstari unapanda kama ukuta. Kwa hiyo bondi usiifikirie kama fimbo. Ifikirie kama springi, tena isiyotulia kamwe.

Hatua ya 5. Nishati iliyoshuka itoke. Hapa vitabu vingi huruka. Atomu mbili za hidrojeni zikigongana zenyewe tu kwenye gesi, kwa kawaida huachana papo hapo, maana nishati ile ile iliyopatikana kwa kukaribiana inatosha kuzitenganisha. Lazima awepo wa tatu, molekuli nyingine au ukuta wa chombo, aichukue aondoke nayo. Ndiyo joto unalolipima.

Sasa hesabu, hidrojeni na klorini zikitengeneza moli mbili za HCl (kloridi ya hidrojeni). Kuvunja H–H ni kilojuli 436, Cl–Cl ni 242, jumla 678. Kufunga H–Cl mbili, 431 kila moja, kunatoa 862. Toa: 678 − 862 = −184 kilojuli. Alama ya kutoa maana yake joto limetoka. Wengi huigeuza hesabu hii. Anza na vinavyovunjwa, siku zote.

MASWALI

Mwalimu, kama kuvunja kunakula nishati, mbona hidrojeni ikichomwa inatoa moto?
Kwa sababu mapato yanazidi gharama. Unavunja H–H na O=O, unafunga O–H, ambazo ni imara zaidi kwa jumla. Cheche ya kuwashia ndiyo inayolipia mwanzo tu. Baada ya hapo mmenyuko unajilipia wenyewe.

Kwenye biolojia tumefundishwa kwamba ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ina bondi yenye nishati nyingi, ikivunjika tunapata nguvu. Nani amekosea?
Msemo ndio mbaya. Bondi ile ya fosfati nayo inahitaji nishati kuvunjwa. Faida, kama kilojuli 30 kwa moli, inatoka kwenye mmenyuko mzima na maji: bondi mpya zinafungwa, fosfati zenye chaji hasi zinaachana, na maji yanazizunguka. Kwenye mtihani wa biolojia andika wanavyotaka, ila usiamini.

Heliamu je, mbona haifungi bondi? Nayo si ina elektroni?
Inazo mbili, na hapo ndipo tatizo. Heliamu mbili zina elektroni nne. Mbili zinaunganisha, mbili zinalazimika kwenda sehemu inayotenganisha, na hizo zinaharibu zaidi ya zile zinavyojenga.

Bondi ya tatu (jozi tatu za elektroni kati ya atomu mbili) ni nguvu mara tatu ya bondi moja?
Hapana, hakuna kanuni hiyo. N–N moja ni kama kilojuli 160 kwa moli, lakini ile ya tatu kwenye gesi ya naitrojeni ni 945, karibu mara sita. Kwa kaboni ni 347 na 839, haifiki hata mara tatu. Tazama jedwali kila mara.