Kiima, mada na hoja: jinsi ya kuzitenganisha katika sentensi, insha na picha

Rasimu nyingi ninazohariri zina mada lakini hazina hoja. Mwandishi anajua anaandika kuhusu nini. Anachodai juu yake ndicho hakionekani. Mimi huanzia kwenye sentensi, maana huko mambo hayafichiki.

Hatua ya 1: Tafuta kiima, yaani neno ambalo kitenzi kinapatana nalo. Usiulize nani katenda. Angalia kiambishi kilicho mwanzoni mwa kitenzi. Katika "Barua imechanwa na mtoto", aliyechana ni mtoto, lakini i- ya "imechanwa" inapatana na barua, hivyo kiima ni barua. Jaribu na "Kitanda hiki kinalala watu wawili". Kitanda hakisinzii, ila ndicho kiima.

Hatua ya 2: Hesabu washiriki ambao kitenzi kinawadai. "Lala" kinatosheka na mmoja. "Andika" kinataka wawili: mwandishi na kinachoandikwa. Kikiwa "andikia", anaongezeka wa tatu: "Juma alimwandikia bibi barua." Maneno kama "jana" au "kwa haraka" usiyahesabu, hayo ni chagizo, ukiyafuta sentensi inabaki imesimama.

Kauli ya kutendwa hufanya kinyume: inampunguza mtenda. "Barua imechanwa" ni sentensi kamili, na aliyechana keshatoroka. Ndiyo maana ripoti za ofisini hupenda "makosa yalifanywa". Ukikutana nayo, uliza: yalifanywa na nani?

Hatua ya 3: Andika mada, kisha hoja. Mada ni kirai tu, yaani fungu la maneno lisilofika kuwa sentensi: "matumizi ya simu shuleni". Hoja ni sentensi nzima inayoweza kupingwa. Itangulize kwa "Sikubali kwamba" uone kama kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuitamka. "Sikubali kwamba simu zina faida na hasara": nani atasema hivyo? Basi hiyo si hoja. "Sikubali kwamba kila mwalimu aamue mwenyewe lini simu zitumike darasani": hapo ubishi upo, endelea kuandika.

Hatua ya 4: Pitia aya moja moja. Isiyoisaidia hoja, hata kama inahusu mada, itoe.

Hatua ya 5: Soma picha kwa maswali hayohayo. Mada peke yake haitoshi: mchoraji Mfaransa Monet alichora kanisa kuu la mji wa Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara 30, na kinachobadilika zaidi ni mwanga. Kisha tazama Guernica, picha ya mchoraji Mhispania Picasso. Mada yake ni shambulio la mabomu la tarehe 26 Aprili 1937 katika mji wa Guernica, Hispania. Tafuta ndege zilizoangusha mabomu, hazimo. Waliomo ni farasi anayelia, mama aliyebeba mtoto aliyekufa, na askari aliyeanguka. Mtenda ameachwa nje kama katika kauli ya kutendwa, lakini safari hii si kwa ajili ya kumficha. Waliotendwa wamepewa nafasi yote ya kiima, na hoja ya mchoraji imo katika uamuzi huo.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya picha yoyote, orodhesha kwanza waliomo, halafu mtafute aliyestahili kuwemo na hayumo.