Jinsi ya kupima maoni ya wazazi kuhusu shule ya msingi ya serikali

Waulize wazazi wa Dar es Salaam kikaoni kama wanaridhika na shule, mwalimu mkuu akiwa meza kuu, utaambiwa "tunashukuru". Kamati ya shule inayotaka ukweli ianzie kwenye rejesta, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Shule ikiwa na wanafunzi 900, wazazi 60 wanatosha. Andika namba 1 hadi 15 kwenye vikaratasi, okota kimoja. Ikitoka 7, chukua mwanafunzi wa 7, wa 22, wa 37, hivyo hivyo hadi rejesta ya mwisho. Usiokoteze wazazi getini. Pale utawapata zaidi wa awali na la kwanza, wa la saba huwaoni. Wala usitegemee kundi la WhatsApp, mwenye kitochi hayumo. Mzazi asipopatikana, mfuate jioni au Jumapili. Ukimweka jirani badala yake, umewapunja wanaoshinda kazini.

Maswali yasizidi kumi, na kila moja liulize jambo moja. "Walimu na madarasa yanaridhisha?" halijibiki: je, kama walimu ni wazuri na paa linavuja? Uliza vya kuhesabika: darasani wako wangapi (kiwango cha serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja), dawati moja wanabanana wangapi, umetoa shilingi ngapi tangu Januari, za nini. Hili la michango msilikwepe. Elimu bila malipo ilianza 2016, lakini michango ya uji, mlinzi na mitihani ya majaribio ndiyo inayonung'unikiwa mtaani.

Kisha omba daftari la hisabati. Hapo ndipo penye habari. Fungua kurasa kumi za mwisho zilizoandikwa. Ngapi zimesahihishwa? Kosa limeonyeshwa, au ni tiki moja ndefu nyekundu kutoka juu hadi chini? Mzazi akibadili kauli baada ya kuliona, andika kauli zote mbili.

Anayeuliza asiwe mwalimu wa shule hiyo, na jina la mzazi lisiwemo kwenye dodoso.

Mkijumlisha, tenganisha la kwanza hadi la tatu na la nne hadi la saba, maana wastani wa shule nzima huficha msongamano wa madarasa ya chini. Matokeo ya la nne na la saba yapo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA). Yawekeni pembeni ya majibu, yasichukue nafasi yake. Ripoti inayokwenda kwa afisa elimu kata iseme "38 kati ya 60", si "wazazi wengi".