Kwenda Bunkeya na jumuiya nzima: nani anasalimiwa kwanza?

Mvua zikianza kukatika, simu yangu inaanza kulia. Ni mama wa kwaya wa Kenya (mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, siyo ile nchi), ni katekista wa Ruashi, ni ukoo fulani wa Kamalondo, na wote wana swali moja: Mama, safari ya Bunkeya, mji wa zamani wa Mfalme Msiri, tuipange namna gani? Halafu kabla sijajibu wanaanza habari ya bisi. Bisi ya viti vingapi, bisi ya nani, bisi kwa dola ngapi. Nawaomba waiache bisi kwanza. Nimepeleka kwaya, nimepeleka wajane, nimepeleka watoto wa katekisimu, na mara moja ukoo mzima wa watu 31, na safari zilizoniumiza kichwa hazikuharibikia barabarani. Ziliharibikia kwenye maneno ambayo hatukusemezana kabla ya kupanda.

Hatua ya kwanza: kaeni na wazee mjue mnamwendea nani

Hapa msikimbie. Bunkeya ni mkeka mmoja waliokaa wageni wengi.

Kuna kumbukumbu ya ufalme. Msiri alikuwa Msumbwa, watu wake walitoka upande wa Unyamwezi wakifuata shaba. Akakaa, akaoa, akapigana, mpaka nchi ya Garenganze ikawa yake, na watu wake wakaitwa Bayeke (mmoja ni Muyeke). Kuna kumbukumbu ya Injili. Februari 1886 aliingia pale Frederick Stanley Arnot, kijana Mskoti wa miaka 27, aliyepitia Benguela na Bihé mpaka akafika amechoka kabisa. Makanisa ya Garenganze yanahesabu mwanzo wao hapo. Halafu kuna kumbukumbu ya damu. Novemba 1890 Alfred Sharpe alikuja kutafuta sahihi ya Msiri kwa ajili ya Waingereza, akarudi mikono mitupu. Desemba 1891 wakafika watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji wakiongozwa na William Stairs, na mizigo yao ilikuwa vichwani mwa wapagazi kutoka pwani, watu waliosema Kiswahili kama sisi. Tarehe 20 Desemba kapteni Bodson, mmoja wa watu wa Stairs, alimpiga Mwami (ndiyo kusema mfalme) Msiri risasi kule Munema, naye Bodson akapigwa, akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Kiliishia wapi? Uliza wazee watatu, utapata majibu manne.

Watu wengi wanaishia hapo. Lakini kuna kumbukumbu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Safari yangu ya kwanza tulikuwa na mzee mmoja Msanga, mtu wa kabila la Basanga, baba wa mwimbaji wetu. Watoto walikuwa wamekariri shairi juu ya shujaa Msiri aliyekataa bendera ya wazungu, wamelifanyia mazoezi wiki tatu. Tulipofika makaburini mzee hakushuka. Alikaa kitini, kofia magotini. Nilipomfuata aliniuliza tu, kwa sauti ya chini: «Shujaa wa nani, mwanangu?» Sikuwa na jibu. Basanga ndio waliokuwa na nchi kabla ya Bayeke, na mwaka huo huo wa 1891 walikuwa wameshamwasi Msiri. Wakati bunduki za Stairs zinafika, vita vya ndani vilikuwa vimeshaanza. Mimi nilijua shairi, hayo sikuyajua. Wakati wa kurudi, tulipopumzika Likasi, mzee aliwaita watoto akawasimulia upande wake mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Tangu siku hiyo, mwezi mmoja kabla ya safari, naita jioni moja ya wazee. Muyeke mmoja anasema, Msanga mmoja anasema, mtu wa kanisa anasema, vijana wanasikiliza. Hakuna kupiga kura, hakuna kutafuta mshindi. Anayekwenda ajue tu kwamba aliyekaa naye kiti kimoja huenda analia kwa sababu nyingine.

Jioni hiyo hiyo padri au mchungaji aseme wazi: wenyeji wakimwaga pombe chini kwa ajili ya wahenga, sisi tunasimama wapi? Kila kanisa lina jibu lake, sitawapangia. Lakini jibu litoke Lubumbashi. Nimeona kijana akianza kukemea mapepo kwa sauti mbele ya wenye msiba wao, na aibu yake tuliibeba sote.

Kama mna nafasi, Jumamosi moja kabla ya safari wapelekeni watoto kwenye Makumbusho ya Taifa ya hapa mjini. Mtoto aliyekwisha kuona ile misalaba midogo ya shaba ya zamani anaelewa kwa nini watu walitembea kutoka Unyamwezi mpaka huku.

Hatua ya pili: tarehe

Bayeke wanamkumbuka Msiri tarehe 20 Desemba. Ndiyo siku nzuri kuliko zote, na ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa gari, maana mvua iko katikati. Kundi dogo la watu wazima wenye gari refu, waende Desemba. Kundi lenye bibi na watoto wachanga, subirini Julai au Agosti, masomo yamefungwa, vumbi lipo lakini udongo ni mgumu. Mtakosa ngoma, ila mtapata wazee wenye muda wa kuongea nanyi.

Hatua ya tatu: tumeni watu wawili mbele

Mwanamume na mwanamke, wiki tatu au nne kabla. Wapeleke barua ya kanisa kwa baraza la Mwami wa leo, waulize siku gani inafaa, zawadi gani inafaa, watu watalala wapi. Mwanamke aende kwa sababu mwanamume akirudi atasema «vyoo vipo», basi. Mwanamke atawaambia viko vingapi, viko umbali gani na mahali pa kulala, na kama mlango una komeo.

Hatua ya nne: pesa

Gawa gharama kwa watu waliolipa. Walioahidi wasiingie kwenye hesabu, ahadi haijazi tangi la mazuti. Tuseme kila kitu kwa jumla ni dola 1,200 na bisi ina viti 50. Mwenye haraka atasema dola 24 kila mtu. Mimi nagawa kwa 36, inapita 33 kidogo, natangaza 34. Wakija 45, ziada inasomwa mbele ya wote baada ya ibada na jumuiya inaamua. Wakija 36, hatukopi.

Mweka hazina awe mmoja na daftari ziwe mbili: moja kwake, moja kwa mtu asiyempenda sana. Pesa za simu zinasaidia kwa sababu ujumbe unabaki, lakini zipelekwe kwenye namba moja iliyotangazwa kanisani. Mjane asiye na dola apokelewe na unga. Bukari (ugali) ya safari lazima ipikwe na mtu, na unga wake ni malipo kamili. Jina lake liandikwe pamoja na wengine, bila alama pembeni.

Hatua ya tano: sasa bisi

Msichague kwa rangi. Mwaka mmoja tulichukua bisi iliyopakwa rangi mpya, inang'aa kama sahani ya harusi. Tairi la akiba lilikuwepo, kriki (jeki) haikuwepo. Tulilala njiani tukiimba zaburi zote tunazojua na nyingine tusizozijua. Siku hizi namwambia dereva afungue tairi moja na kulirudisha mbele yangu, kabla ya kumpa hata franka moja. Kuna waliokasirika. Hao tuliachana nao.

Mpaka Likasi ni lami, karibu kilomita 120. Baada ya kuacha lami ndipo utajua dereva ni nani. Aliyezoea mjini tu, mwacheni mjini.

Hatua ya sita: karatasi

Kila mtu mzima awe na kadi ya mpiga kura, ndiyo kitambulisho chetu. Orodha ya wasafiri nakala tano, barua ya kanisa yenye muhuri, na pesa ya peaji (ushuru wa barabara) iwe pembeni, isichanganywe na ya chakula. Msisahau kwamba tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Bunkeya iko Lualaba. Mnatoka mkoa mmoja kuingia mwingine, na atakayewasimamisha atataka kuona orodha.

Hatua ya saba: mkifika

Nenda kwa Mwami kwanza, kanisa baadaye. Najua wachungaji fulani hawapendi kusikia hivi. Lakini hata Arnot alisubiri siku kadhaa kabla Msiri hajampokea, na hakuanza kuhubiri akiwa bado kwenye vichaka. Mwenye mji anasalimiwa, anapewa zawadi, anaambiwa mmekuja kufanya nini. Baada ya hapo ndipo mtaulizwa kama mnataka kuona makaburi, na ndipo mtakuwa na uhuru wa kuimba ibada yenu vizuri bila mtu kuchungulia dirishani akijiuliza hawa ni akina nani.

Kiongozi wa kundi asizungumze sana. Mtafutieni mzee mwenye maneno mazuri, hata kama hana cheo kanisani.

Maswali ya wanajumuiya

Mama wa Katuba: Jambo sana Mama. Mama yangu ana miaka 78 na magoti yake ni mabovu. Anasema asipokwenda mwaka huu hatakwenda tena. Nimchukue?

Mchukue. Akae mstari wa pili au wa tatu, mbali na tairi la nyuma, kwa sababu kule ndiko mashimo yanakopiga. Bisi isimame kila saa moja na nusu, na mtangaze hivyo kwa wote ili yeye asionekane ndiye anayechelewesha watu. Mkiweza, laleni Likasi siku ya kwanza. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wako, zisiende juu ya bisi pamoja na masufuria. Na chandarua, hata wakisema mbu hawako.

Katekista wa Ruashi: Vijana wanataka kupiga video makaburini waweke kwenye simu zao. Tuwazuie?

Waulize wenyeji mbele ya vijana, wao wenyewe wasikie jibu. Wakikubaliwa, wapige. Ila baba, waambie hivi: ukitaka kujua kama video yako ina heshima, jiulize kama ungekubali ipigwe kwenye kaburi la bibi yako.

Dada wa Kampemba: Mume wangu ni Muyeke, mimi ni Muluba wa Kasai. Wakwe wanasema hiyo safari ni ya «watu wa huko». Niende au nibaki?

Watoto wako ni wa huko, na wewe ndiye uliyewabeba. Uende. Ongea na mama mkwe kabla, siyo ndani ya bisi, mwombe akuonyeshe ni nani wa kusalimia kwanza ili asione umekuja kama mgeni wa barabarani. Kwa upande wangu, kwenye bisi ninayoiongoza hakuna nyimbo za kuchekana makabila, hata za utani. Mji huu unajua utani wa namna hiyo ulitufikisha wapi miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga.

Baba mmoja, Kamalondo: Nimelipa, halafu mtoto akaugua tukabaki. Narudishiwa?

Kabla ya bisi kulipwa, zote. Bisi ikishalipwa, kiti chako unaweza kumpa mtu mwingine, lakini pesa haipo tena. Haya yaandikwe kwenye karatasi siku ya kwanza ya kuchanga, maana yakisemwa siku ya mwisho yatasikika kama wizi.

Kijana wa kwaya, Kenya: Mama, tukimaliza Bunkeya, tunaweza kupanga Namugongo kwa njia hii hii?

Maneno ya wazee na daftari mbili, ndiyo. Mengine ni kazi ya ukubwa mwingine. Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ni tarehe 3 Juni, na wengi wao walichomwa Namugongo tarehe hiyo mwaka 1886, miezi michache tu baada ya Arnot kufika Bunkeya. Hiyo tu ni sababu nzuri ya kuunganisha safari mbili kwenye somo la watoto. Lakini kwa barabara mtavuka Kasumbalesa, mpite Zambia yote mpaka Nakonde na Tunduma, mpande Tanzania, ndipo Uganda. Ni siku nyingi za kukaa kitini. Kila mtu anahitaji pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na mtoto asiyesafiri na wazazi wake anahitaji karatasi yao. Anza mwaka mzima kabla, na anza na pasipoti ya bibi, kwa maana ndiye atakayekwambia alizaliwa mwaka ule wa nzige.