Mmea Gani Uuweke Chumba Gani: Mwongozo kwa Nyumba za Nakuru na Kisumu

Kabla hujaenda nasari, pima mwanga. Saa nne asubuhi weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, hapo pana mwanga mwingi. Kikififia lakini vidole bado vyahesabika, mwanga ni wa kadiri. Usipoona kivuli, kwa mmea hapo ni giza, hata kama wewe unasoma gazeti bila taabu. Rudia saa tisa alasiri, kwa sababu mwanga wa asubuhi hautabiri wa jioni.

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya, ambako dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwetu sivyo. Nakuru na Kisumu ziko kusini kidogo tu ya Ikweta: dirisha la kaskazini hupata jua kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, la kusini hulipata miezi iliyobaki. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yenye jua mwaka mzima. La mashariki ni bora kwa karibu kila mmea. La magharibi, hasa Kisumu, huunguza: majani hupata mabaka meupe makavu upande unaotazama kioo. Weka pazia jepesi, au sogeza chungu mita moja na nusu ndani.

Sebuleni ndiko watu hutumia pesa nyingi na kupoteza mimea mingi. Kona ya nyuma ya kochi ni giza, basi weka sansevieria, ile ya majani yaliyosimama kama panga inayoitwa sneki planti, au mmea wa ZZ. ZZ ni wa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, na huhifadhi maji kwenye viazi vyake vya chini ya udongo. Yote miwili hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi. Wiki tatu kati ya maji na maji zatosha Kisumu. Nakuru mwezi wa Julai, ngoja hata wiki tano. Karibu na dirisha weka monstera au mani planti. Fikasi ni mzuri lakini hachukui kuhamishwahamishwa: ukimsogeza hupukutisha majani, na watu wakidhani ana kiu humzidishia maji hadi mizizi ioze. Mchagulie mahali pamoja umwache hapo.

Kama nyumba ina mtoto anayetambaa au mbwa, epuka difenbakia, ule mmea wa majani mapana yenye mabaka meupe, au iweke juu asikoweza kufika. Utomvu wake una fuwele ndogo zinazochoma mdomo na kuvimbisha ulimi. Mani planti na spathifilamu, lile la ua jeupe, zina fuwele hizohizo.

Chumba cha kulala hakina mambo mengi. Mimea haikunyimi hewa usiku. Inayoitumia ni kidogo mno. Wala haisafishi hewa kama wauzaji wanavyodai, kwa kuwa utafiti wa NASA wa 1989 unaotajwa kila mara ulifanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa, si nyumba yenye madirisha. Chagua unaoupenda kuuona ukiamka.

Bafu nyingi za nyumba za kupanga zina kidirisha kimoja kidogo juu. Kangaga hupenda unyevu wa hapo, lakini bila mwanga hukonda. Nunua mawili, uyabadilishane na dirisha la sebule kila wiki mbili. Jikoni, dania, minti na rozmari huhitaji jua kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku. Bila dirisha la mashariki au magharibi, zipande nje. Minti ipewe chungu chake, itawafunika wenzake. Mvuke wa mafuta huganda kwenye majani, kwa hiyo yapanguse kila wiki kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Sasa suala la maji, ambalo watu wa Nakuru wasipolijua watalaumu mbolea bure. Maji ya visima vingi vya huko yana floraidi nyingi, ileile inayotia meno rangi ya kahawia. Katika mmea hupanda hadi ncha za majani na kukusanyika hapo, ncha zikakauka. Wanaoumia zaidi ni drasena na spaida planti. (Tunasema ule wa majani membamba yenye mistari, ukiuliza spaida planti sokoni Kisumu unaweza kupewa dek, yaani mgagani, mboga ya kupika.) Kuchemsha hakuondoi floraidi, tena huizidisha maji yakipungua. Kulaza maji usiku kucha huondoa klorini tu. Tumia maji ya mvua, ukiacha mvua ya kwanza ioshe paa kwanza, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Usitie mbolea ya supafosfeti, nayo ina floraidi. Ncha iliyokauka haiponi. Ikate kwa mkasi kufuata umbo la jani, ukiacha ukingo mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu hai.

Nakuru ina shida nyingine, baridi ya usiku. Mani planti na difenbakia zisiguse kioo cha dirisha Julai, majani hugeuka meusi.

Kisumu, shida ni udongo. Ule mweusi wa Kano hushika maji na kupasuka ukikauka, haufai chunguni hata kidogo. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga wa mto au makapi ya mpunga ya Ahero yaliyochomwa yakawa meusi. Kwa sansevieria na ZZ, ongeza mchanga ufike nusu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo.

Chungu kiwe na matundu, na kizidi cha zamani kwa sentimita tatu hadi tano tu. Kikubwa mno hubaki na udongo uliolowa usiofikiwa na mizizi, na hapo ndipo uozo huanzia. Usitandaze kokoto chini, hazisaidii kupitisha maji, hupandisha tu ule unyevu karibu na mizizi. Nusu saa baada ya kumwagilia, mwaga maji ya kisahani, yasije yakazalisha mbu.

Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye vifundo vya majani, vifute kwa pamba yenye spiriti, kisha nyunyiza sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Rudia baada ya siku saba, mara tatu, kwa kuwa mayai hayafi kwa mara ya kwanza. Mmea mpya kutoka nasari ukae peke yake wiki mbili kabla ya kuuchanganya na mingine.