Jani moja mkononi, mti hujui: lisome kwa stomata (tuanze na mikoko ya Tanga)

Vijana wanaopanda mikoko huku Tanga wananiuliza sana hili, umeletewa jani limeshakatwa, hakuna ua, hakuna tunda, hata kijiti chake hakipo, utajuaje ni la mti gani? Mi nawaambia lipige hadubini. Kila jani lina stomata, yale matundu madogo ya kuingiza hewa na kutoa mvuke wa maji, kila tundu limelindwa na seli mbili zenye umbo la maharage, na mahali yalipokaa matundu hayo na seli majirani zilizoyazunguka vinakwambia mengi kuhusu mti wenyewe.

Vifaa ni vya kawaida tu, rangi ya kucha ile isiyo na rangi, selotepu inayopitisha mwanga, slaidi na hadubini ya shule. Lifute jani kwa kitambaa kibichi, la mikoko hasa maana lina chumvi na tope, likauke kabisa. Paka rangi ya kucha kipande kidogo pembeni ya mshipa mkubwa, upande wa chini NA upande wa juu, hapo ndo wengi wanakosea, wanapaka chini tu wanaishia hapo. Subiri dakika 10, huku kwetu pwani kwenye unyevunyevu ngoja hata 15, ukiharakisha inavutika kama ulimbo na alama zote za ngozi ya jani zilizonakiliwa kwenye rangi zinafutika. Bandika selotepu juu yake, kandamiza kwa kidole, bandua polepole, hamishia kwenye slaidi na uandike hapohapo "juu" au "chini", usijiamini kwamba utakumbuka, hautakumbuka.

Sasa swali la kwanza sio ziko ngapi, ni ziko upande gani. Chukua majani ya mkandaa na kikandaa, aina mbili za mikoko. Yakiwa kwenye tawi hayakusumbui, ya mkandaa yanakaa mawili mawili yakitazamana na ya kikandaa yanapishana, ila yakishachumwa yakachanganyika kwenye mfuko yote ni manene, yote yamepanuka kuelekea nchani, mtu anabaki anabahatisha. Weka alama ya upande wa juu chini ya lenzi. Ya kikandaa utaona vile vimdomo vya stomata vimetapakaa, geuza alama ya chini navyo vipo. Ya mkandaa upande wa juu ni seli tupu zimebanana kama vigae, stomata zote ziko chini. Kwa slaidi 2 tu umeshamaliza ubishi! Mlilana (Sonneratia alba), mkoko wa aina nyingine, nao una stomata pande zote mbili, na ule tunaouita mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) ni chini tu. Haya majina ndo tunayotumia sisi, kwenu yanaweza kuwa mengine, kwa hiyo andika na jina la kisayansi, kikandaa ni Lumnitzera racemosa, mkandaa Ceriops tagal.

Swali la pili, majirani. Jani la mbuni, kila stomata ina seli mbili zimelala sambamba nayo kulia na kushoto, na familia yote ya mbuni iko hivyo. Mwarobaini majirani hawana mpangilio wowote, seli za kawaida tu. Mnazi stomata zimejipanga mistari kwa mistari kufuata urefu wa jani. Ukipanda mlimani mpaka Amani, kule Usambara, ambako Wajerumani walianzisha bustani mwaka 1902 wakaleta miti ya kila pembe ya dunia kuijaribu, hiki kipimo kinakusaidia kujua familia hata kama mti hujawahi kuuona maishani.

Kuhesabu njoo nako mwisho, na tafadhali usitegemee idadi peke yake. Mwembe uleule mmoja, jani la juani na jani la kivulini idadi inatofautiana. Kinachotulia zaidi ni ile asilimia aliyoieleza mtaalamu wa mimea Salisbury mwaka 1927, stomata gawanya kwa stomata jumlisha seli nyingine za ngozi ya jani, zidisha kwa 100. Ukiona stomata 30 na seli nyingine 170, hiyo ni 15. Rudia sehemu kadhaa za jani, na majani kama 5 ya mti mmoja yaliyokomaa, sio machanga, halafu linganisha na jani la mti unaoujua kwa uhakika kutoka eneo lilelile.

Kuna miti rangi ya kucha haifui dafu. Mvinje ni mmoja, vile unavyodhani majani ni vijiti na stomata zimejificha ndani ya mifereji yake. Mwingine ni mchu (Avicennia marina), nao ni wa mikoko, chini ya jani kuna vinyweleo vimejaa mpaka panaonekana peupe, rangi inashika vinyweleo badala ya ngozi. Kwa mchu kata kipande kidogo, kiloweke usiku kucha kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe (vaa glavu, fungua madirisha), kikishapauka suuza kwa maji mengi, pangusa vinyweleo kwa brashi laini, ngozi itaachia yenyewe, itandaze kwenye tone la maji uangalie.