Kuiona DNA bila kuipaka rangi, mwanga wa UV tu

Wengi tumezoea kuionea DNA kwenye jeli, unatia ethidiamu bromaidi inang'aa, basi. Ile rangi inajipenyeza mpaka katikati ya nyuzi za DNA, sio ya kuchezea, na kama unachotaka ni kujua tu DNA ipo na nyuzi zimeshikana au zimeachana, hata huihitaji.

Besi za DNA, yaani zile herufi zake A, T, G na C, zinameza mwanga wa UV, zaidi kwenye nanomita 260. Washa spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga uliomezwa, mapema taa itulie, tafuta kyuveti (kichupa cha kuwekea sampuli) ya kwatzi, ya glasi au plastiki ya kawaida inameza UV yenyewe utabaki unapima chombo. Anza na blanki, yaani bafa (maji yanayoshikilia pH) ileile uliyoyeyushia DNA. Futa na tishu laini, alama ya kidole inatosha kukuharibia.

Kisha pima sampuli kwenye 260. Kwa kyuveti ya sentimita 1, mashine ikisoma 1 hiyo ni mikrogramu 50 za DNA kwa mililita kama nyuzi ni mbili. Umezimua mara 10 ukasoma 0.24? 0.24 × 50 × 10, una mikrogramu 120 kwa mililita. Pima na 280, gawanya namba ya 260 kwa ya 280, ikija karibu 1.8 uko sawa, ikishuka sana shuku protini. Pima na 320 pia, pale DNA haimezi kitu, ukiona namba ujue sampuli ina ukungu.

Sasa hapa ndo watu wanapigwa: RNA nayo inameza 260, unashangilia namba kubwa kumbe nusu sio DNA. Na ukitia RNase, kimeng'enya cha kukata RNA, ukaishia hapo bado, vile vipande navyo vinameza, lazima usafishe tena.

Utamu uko kwenye joto, kama mashine yako inaweza kupasha kyuveti. Nyuzi zikiwa zimeshikana besi zinakaa kama sahani zilizopangwa kabatini, zinameza kidogo, zikiachana namba inapanda hadi asilimia 40 hivi. Tumia bafa ya fosfeti maana Tris, bafa nyingine ya kawaida, pH yake inahama na joto, funika kyuveti, pandisha digrii 1 kwa dakika huku unaandika. Namba italala weee, alafu ipande ghafla, ilale tena, katikati ya huo mlima ndo Tm, joto ambalo nusu ya nyuzi zimeachana. Ikipanda kidogokidogo tu bila mlima, labda uzi ulikuwa mmoja toka mwanzo. Ikirukaruka ovyo, hayo ni mapovu, gonga kyuveti taratibu uanze upya.

Ukimaliza poza polepole, kwa vipande vifupi utaiona namba inarudi chini yenyewe, nyuzi zinatafutana.